Kulasi Niliyoitia Alama

Mimi ni mtu wa kushuku. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kujuta. Nasema tu, kama mwingine anavyosema yeye hali nyanya chungu. Mchele nikiletewa nyumbani naupima tena. Daktari akiniandikia dawa, namuuliza mwenye famasi kama kweli ndiyo yenyewe, kisha natoka na kwenda kumuuliza wa famasi ya pili. Mume wangu, ambaye ni mtumishi wa serikali na anaamini kila karatasi yenye muhuri, husema kwamba ningemshuku hata padri akiwa anabatiza. Namjibu kwamba yale maji padri hakuyachota mwenyewe.

Kwa hiyo anayetaka kujua ilikuwaje nikamharibia jina fundi bora kuliko wote niliowahi kuwajua Buyenzi, mtaa wa magereji wa mji wetu, aanzie hapo.

Nilipoacha kazi ya ukatibu shuleni nilichukua pikapu ya dizeli iliyokuwa imelala uani kwetu Ngagara, nikaanza biashara ya viazi. Napanda Bugarama na chumvi, sabuni na mafuta ya mawese. Nashuka na viazi na kabichi. Barabara ile haina mzaha. Ukishalipa ziwa mgongo ni kupanda tu, kona baada ya kona, mpaka masikio yanaziba na baridi inaingia dirishani. Gari linalojidai mjini, kule juu linasema ukweli wake wote.

Fundi wangu alikuwa mzee wa Buyenzi, mtu wa sala tano, miwani yake imefungwa kwa uzi kisogoni isije ikadondokea ndani ya injini. Baba yake alikuwa fundi kwenye avenyu ileile. Mwaka mmoja pikapu ilinizimikia karibu na kilele. Nikampigia simu, akapanda basi na mfuko wake wa spana, akanikuta pale, akatengeneza mvua ikimnyeshea mgongoni. Tuliporudi mjini alikuwa anatetemeka, na neno lake pekee lilikuwa kwamba viazi vya safari ile vilionekana vizuri. Idi alituletea pilau, Noeli tulimpelekea keki. Nilimpenda yule mzee. Lakini kumpenda mtu na kumwamini, kwangu, vilikuwa vitu viwili vilivyolala vyumba tofauti.

Na Buyenzi yenyewe inakufundisha hivyo. Pale mwenye gari haliachi gari lake akaenda zake. Analileta asubuhi, anakaa nalo. Mbele ya gereji ya mzee palikuwa na benchi, ubao mrefu juu ya rimu mbili za lori, na sisi wenye magari tulikaa pale kutwa nzima, macho kwenye mikono ya mafundi, tukinywa chai ya tangawizi na kusimuliana jinsi fulani alivyopeleka gari na dinamo mpya akarudishiwa kuukuu. Kama ni lazima kipuri kilale gerejini, unakitia alama kwanza. Wengine walipiga tupa pembeni, wengine walipaka rangi ya kucha ya wake zao. Hakuna fundi aliyeona vibaya. Ilikuwa desturi, kama kuosha mikono kabla ya kula.

Mimi nilikuwa mwanamke pekee kwenye benchi lile, na nilijiona mjanja kuliko wanaume wote. Alama ya nje, nilisema moyoni, mtu anaweza kuifuta akaichora kwenye kingine. Alama yangu itakaa mahali ambapo hakuna atakayeitafuta.

Sasa nieleze kulasi. Ni kile kifuniko kizito kinachokaa juu ya injini na kuzifunika silinda. Ndani yake mna matundu ya maji ya kupoza, na kati yake na injini kuna gasketi inayozuia maji, oili na moto visikutane. Kulasi ya pikapu yangu ilikuwa ya chuma cha kusubu, kile ambacho mafundi wetu wanakiita fonti. Miaka michache nyuma, ilipofunguliwa kubadilishwa gasketi, nilisubiri fundi aende msikitini, nikachukua msumari nikachora msalaba mdogo upande wa chini, ule uliosuguliwa ukawa laini, unaolalia gasketi. Chuma kile kilinitesa. Msumari uliteleza, kidole kikaota lengelenge, na msalaba wenyewe ulionekana kwa shida kama mkwaruzo wa paka. Kulasi ikafungwa, gari likatembea miaka bila tatizo. Nikahesabu kwamba nimegundua njia.

Kisha ile kulasi ikapasuka. Mzee ndiye aliyesema hivyo, na mimi nikamwambia nionyeshe. Akaipaka mafuta ya taa, akaifuta ikakauka, akaipaka unga wa chaki. Tukangoja. Taratibu, katikati ya weupe ule, ukajitokeza mstari mwembamba wa unyevu kati ya vali mbili.

"Umeona, mama? Mafuta iliingia ndani ya ufa, sasa inatoka kwenye chaki," akasema. "Hii imekwisha. Na mi nakushauri usitafute ingine ya fonti. Moteri hii inakubali ile ya alu. Chukua ya alu."

Hapo ndipo masikio yangu yaliposimama. Kwa nini ananibadilishia? Chuma kimenitumikia miaka yote hii, leo kimekuwa kibaya?

"Chuma na aluminiamu, tofauti ni nini?" nikamuuliza.

"We unapika, utanielewa. Fonti iko kama karai ya chuma. Inachelewa kupata moto, lakini ikishapata haiachi. Ukipanda Bugarama na mzigo, moto inabaki pale juu ya moteri, na moteri inachoka. Alu iko kama sufuria. Inapata moto mbio, inaachia mbio. Tena ni nyepesi, mi peke yangu naibeba. Gari itavuta vizuri, na mazuti yenyewe siku hizi unajua vile inapatikana."

"Na ubaya wake?"

Akavua miwani akaifuta kwa shati, nami nikaona anatafuta maneno.

"Ubaya iko. Fonti inasamehe. Unaikosea maji leo, unaikosea kesho, inavumilia, mpaka siku itapasuka. Alu haisamehe hata mara moja. Moteri ikichemka, inajikunja. Na iko laini, mama. Hata spana ikianguka juu yake inaacha kidonda. Lazima kuishika kama mutoto."

Mtu mwingine angesikia pale fundi mkweli anayetoa mema na mabaya. Mimi nilisikia mtu anayejitengenezea kisingizio mapema. Niliipakia kulasi ya chuma kwenye mkokoteni nikaipeleka kwa fundi mwingine, naye akaipaka mafuta ya taa na chaki, ufa ukatokea palepale. Unadhani niliridhika? Niliporudi njiani nilikuwa najiuliza kama hawa wawili wanafahamiana.

Mwishowe niliikubali ya aluminiamu kwa sababu ya mazuti, ndivyo tunavyoiita dizeli. Siku zile tulilala kwenye foleni ya vituo vya mafuta, na gari linalokunywa kidogo lilikuwa neema. Nikaichagua mwenyewe kwenye duka la vipuri, nikaibeba mwenyewe mikononi hadi gerejini, na kweli ilikuwa nyepesi. Mzee akaweka rula ya chuma juu ya ule upande laini, akaingiza vile vipimo vyake vyembamba kama karatasi, akageuza rula huku na huku. "Imenyooka," akasema. Akaifuta kwa kitambaa safi, akailaza kifudifudi juu ya kitambaa kingine, tayari kufungwa. Ikaadhiniwa alasiri. Akanawa mikono, akaenda.

Wenzangu wa benchi nao waliondoka, wengi wao kwenda kuswali. Nikabaki na kulasi, na msumari ndani ya mkoba.

Niliiinua upande mmoja, nikabonyeza kwa nguvu zilezile nilizozitumia kwenye chuma. Msumari ukazama kama kwenye kipande cha sabuni. Nilishangaa, nikafurahi. Safari hii lengelenge halikuwepo, na msalaba ulitoka mzuri, wa kina, mkono wake mmoja ukianzia karibu na tundu la maji na kuishia ukingoni mwa silinda. Nikapuliza vumbi, nikailaza kama nilivyoikuta. Sasa nikutafutie kosa, mzee, nilisema moyoni. Ukiibadilisha hii nitajua.

Alirudi ametulia kama watu wanavyorudi kutoka kwenye sala. Akaitazama kulasi, akaniuliza, "Hakuna mutu aligusa hapa?"

"Hakuna," nikasema.

Akaiinua, akaiweka juu ya gasketi, akaanza kukaza bolti kutoka katikati kwenda pembeni. Nimelirudia swali lile mara nyingi kichwani. Alikuwa na rula yake pale, na kitambaa. Angeweza kuipima tena. Aliliamini neno langu.

Niseme haki: gari lilivuta. Kona ambazo zamani nilizipanda kwa gia ya pili nikisali, nilizipita kwa gia ya tatu nikipiga soga na abiria. Mshale wa joto ulikaa mahali pake. Wakati wa chuma, nikifika kilele ilikuwa lazima nisimame nusu saa, boneti wazi, injini inapumua kama ng'ombe mgonjwa. Sasa nilipitiliza mpaka sokoni. Nikirudi mjini mazuti yalikuwa bado yamebaki kwenye tangi, jambo ambalo sikulijua kabla. Hata hivyo nilifungua boneti kila asubuhi kutafuta hila. Mume wangu alipita akiwa na chai yake, akaniambia, "Kitu kikikutendea mema, unakiomba kitambulisho."

Baada ya wiki chache maji yakaanza kupungua kwenye rejeta. Kidogo, kikombe hivi. Chini hapakuwa na tone. Kisha moshi mweupe asubuhi, wenye harufu tamutamu. Sikumwambia mzee. Nilikuwa nakusanya ushahidi. Nilitaka nimkute na kosa lililoiva, asinizungushe kwa maneno. Kwa hiyo nikaendelea kupanda na kushuka nikiongeza maji, mpaka siku moja, juu kabisa, mshale ukapanda mara moja ukafika mwisho, na injini ikachemka kwa mlio ambao sitausahau. Na mzee alikuwa ameshaniambia: alu haisamehe.

Nilivutwa na lori mpaka Buyenzi. Sikusalimia. Nilisimama kati ya benchi na gari nikasema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia: "Mzee, ulinifungia kulasi gani? Ile niliyoileta mimi iko wapi?"

Akaacha alichokuwa anafanya. "Mama, iko hapo hapo kwenye gari yako. Acha nifungue, tuangalie pamoja."

"Ufungue ili ufiche? Hapana. Kwanza uape. Uape mbele ya hawa watu kwamba hukubadilisha kitu na hukuharibu kitu."

Mimi Mkristo, mgeni wa mtaa wa watu, namwambia mzee yule aape kwa dini yake kwa ajili ya injini. Nikiandika hivi nasikia aibu mpaka kwenye masikio.

Akajibu polepole. "Kubadilisha, sikubadilisha. Lakini kuapa kama sikuharibu, apana. Ntaapa je juu ya kitu siyaona? Labda mukono wangu ulikosea. Nifungue kwanza, nione, halafu unibane na kiapo yako."

Leo najua kwamba hayo ni maneno ya mtu anayemwogopa Mungu kweli. Siku ile nilisikia sehemu moja tu, nikaigeukia benchi: "Mmesikia? Amekataa kuapa!"

Mwenye teksi mmoja akatikisa kichwa na kusema, "Penye moshi hapakosi moto." Wiki ileile aliondoa teksi yake pale. Wengine wakafuata. Buyenzi watu wanatembea kwa miguu, na neno nalo linatembea nao. Kutoka gereji hadi msikitini, kutoka msikitini hadi sokoni. Yule fundi alikataa kuapa. Hakuna aliyeuliza aliapishwa nini na nani.

Pikapu nikaipeleka kwa fundi mwingine, upande wa Kibenga, kijana mwenye kompyuta na ovaroli safi. Akafungua kulasi mbele yangu, akaigeuza, akapiga mluzi.

"Angalia walichokufanyia," akasema, akaweka kidole.

Msalaba wangu. Mkono ule uliotoka kwenye tundu la maji ulikuwa umekuwa mfereji mdogo mweusi, umeungua, na gasketi imeliwa palepale. Maji yalikuwa yanaingia silinda kwa njia niliyoyachimbia kwa mkono wangu. Akaweka rula, mwanga ukapita chini yake: kulasi yote imejikunja.

"Ingekuwa ya fonti, huu mkwaruzo usingeingia hivi," akaendelea. "Lakini alu, mama? Nani huyo alifanya? Fundi wa Buyenzi? Hao wazee hawajui alu. Usirudi tena kule."

Alinipa mkosaji, amefungwa vizuri kama zawadi. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Nikanyamaza. Akaniambia mkwaruzo utatoka ikirandwa, na kulasi itanyooka, kuna unene wa kutosha. Nikasema, "Irande." Nilisimama kando ya mashine nikiangalia kisu kikipita juu ya aluminiamu, maganda yake yakidondoka yakimetameta, na msalaba ukififia, ukabaki kivuli, ukaisha. Nilipumua. Nakiri hilo pia: nilipumua kwa raha.

Raha hiyo haikudumu. Gari lilivuta kama zamani, nami kila nikipanda nilisikia lile swali: hakuna mutu aligusa hapa? Nilikaa hivyo zaidi ya mwezi. Idi ikaja, pilau haikuja. Mume wangu akauliza, "Mzee anaumwa?" Nikalia mezani, nikamweleza yote. Safari hii hakunitania. Alisema tu, "Kesho uende."

Nilimkuta mzee ameketi mwenyewe, mbele yake gari moja tu, lile lililokaa pale bila magurudumu tangu zamani. Nikamweleza nikiwa nimesimama: msumari, msalaba, alasiri ile, jibu nililompa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mi nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza, mzee. Nikakudanganya."

"Usiku nilikuwa nafikiri, nilikosea wapi? Kukaza? Gasketi? Nilihesabu bolti zote kichwani. Nilianza kuogopa mikono yangu." Akaitazama, yote miwili, akaiweka magotini. "Haya. Mi nimekusamehe. Lakini hukunisema kwangu, mama. Ulinisema kule. Enda useme kule."

Benchi lilikuwa limehamia gereji ya jirani, hatua kama ishirini. Ubao uleule, rimu zilezile, na karibu watu walewale. Nikasimama mbele yao mchana kweupe nikasema kosa lilikuwa langu. Kwamba niliichimba kulasi kwa msumari, kwamba mzee hakubadilisha wala kuharibu chochote.

Hakuna aliyekasirika. Ningependa wangekasirika. Mwenye teksi akatabasamu, akaniuliza kwa upole, "Mama, amekupa nini?"

"Hajanipa kitu. Ninasema kweli."

"Hiyo alama iko wapi, tuione?"

"Imerandwa. Imetoka."

"Ahaa," wakasema wawili kwa pamoja.

"Naapa," nikasema. "Mbele ya Mungu naapa kwamba yule mzee hana kosa."

Mwingine akaweka chini kikombe chake cha chai. "Sasa we uko tayari kuapa juu yake, na yeye mwenyewe alikataa?"

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasiotaka kukuumiza, wakasogea ili nipate nafasi ya kukaa. Nyuma yangu mzee alikuwa amesimama mbele ya gereji yake. Alikuwa amesikia yote. Nikawatazama mmoja mmoja nikitafuta hata uso mmoja ulioniamini, na sikuupata. Na ningekuwa mimi niliyekaa pale, na mwanamke mwingine amesimama jua kali likimpiga, analia na kuapa, nisingemwamini hata neno moja.